Tahadhari: Bunduki ya Bei ya Kutupa Huja na Kesi Zake

Ikiwa unaishi Noonkopir, au popote kati ya Kitengela mjini na Isinya, na kuna mtu amekunong'oneza kwamba anaweza kukupatia "chuma" kwa bei unayoimudu, soma haya kabla hujamrudia. Usimtumie hata shilingi. Usikubali kwenda kukiona. Usikubali kukilaza nyumbani kwako hata usiku mmoja. Na kama wewe ni fundi wa kuchomelea, umeonyeshwa picha kwenye simu ukaambiwa, "Fundi, hii utaiweza, ni mabomba tu," kataa papo hapo, tena kwa sauti.

Wakati wa kusema ni sasa. Uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 unakaribia, na sisi Wakenya tunajua jinsi msimu wa kura unavyopandisha woga. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, kituo cha polisi cha Dagoretti, si mbali na mpaka wa Kajiado, kilivamiwa na bunduki zikaibwa. Bunduki iliyotoka kituoni kwa njia hiyo hutafuta mnunuzi, na anayefikiriwa kwanza ni kijana wa mtaa kama huu wetu: ana kibarua EPZ pale Athi River au bodaboda ya mkopo, amewahi kuporwa, na amechoka kulala na panga chini ya kitanda.

Tumewahi kupita njia hii. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Sehemu kubwa ya lawama kwa vifo hivyo vya risasi iliwaangukia polisi. Lakini funzo walilolichukua baadhi ya watu wa Bonde la Ufa halikuwa kudai polisi bora. Oktoba 2009, BBC iliripoti kwamba jamii zilizopigana kwa mishale na mapanga zilikuwa zikinunua AK-47 na G3 kujiandaa kwa kura iliyofuata. Kura ile ya 2013 ilipita bila vita vilivyohofiwa. Ila bunduki haiozi kama mshale. Ikipakwa mafuta na kufukiwa, husubiri mwenye hasira wa kizazi kingine.

Sasa jiulize swali ambalo muuzaji angependa usiulize: mbona anaiuza rahisi?

AK inayofanya kazi ni mtaji wa jambazi. Kwa bunduki hiyo anasimamisha lori barabara ya Namanga, anavamia kituo cha petroli, anamfuata mtu aliyetoka benki. Mtu hauzi mtaji wake kwa hasara bila sababu, na sababu huwa moja: bunduki imeshaua, au imeshapora, au ilinyang'anywa askari, na sasa inatafutwa. Aliye nayo anajua kwamba siku atakayokamatwa nayo, hatashtakiwa kwa kuwa nayo tu. Kwa hiyo anatafuta mtu wa kuipokea pamoja na yote iliyoyatenda. Huyo anayetafutwa ni wewe.

Wengi hawajui jinsi bunduki inavyomtaja mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Unapovuta kifyatulio, pini hugonga kitako cha risasi na kuacha kidonda kidogo kwenye shaba. Ganda linapotupwa nje, vyuma vinavyolivuta na kulirusha hulikwaruza. Risasi yenyewe inapopita kwenye mtutu huchorwa mistari. Alama hizo hutofautiana bunduki na bunduki, hata zilizotoka kiwanda kimoja siku moja. Polisi wakifika mahali mtu alipouawa, huokota maganda, huyatia kwenye bahasha na kuyapeleka maabara. Miezi inapita. Kisha unakamatwa wewe, na bunduki yako inapelekwa kwa wachunguzi wale wale wa DCI. Mtaalamu hufyatua risasi ya majaribio, huchukua ganda jipya na lile la zamani, huyaweka chini ya darubini yenye macho mawili inayoonyesha vitu viwili kwa pamoja, huligeuza moja polepole mpaka mistari ya upande huu ishikane na ya upande ule. Ikishikana, faili lililokuwa limelala linafunguliwa kwa jina lako.

Hapo utaeleza nini? Kwamba uliinunua juzi? Kutoka kwa nani? Hakuna risiti. Jina ulilopewa ni la utani. Simu yake imezimwa. Mtu aliyeuawa mwezi wa Machi katika mji ambao hujawahi kukanyaga, familia yake imekaa mahakamani ikikutazama wewe. Na usidanganywe na anayesema namba ya bunduki imesagwa, kwamba haina historia. Namba inapogongwa kwenye chuma hukibana mpaka ndani, chini ya pale jicho linapofika, na mara nyingi maabara huirudisha ikasomeka. Zaidi ya hapo, namba iliyosagwa humwambia hakimu kwamba kulikuwa na jambo la kuficha.

Bei yenyewe ina hadithi ndefu. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivamiwa na bunduki zikasambaa Karamoja, kisha zikavuka kuja Turkana na Pokot. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre na ile ya Mengistu zilianguka mwaka mmoja, na silaha za majeshi mawili zikageuka bidhaa za soko. Inasimuliwa kwamba Kolowa, huko Pokot Mashariki, AK moja ilikuwa ikinunuliwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986, na ilipofika 2005 ilikuwa ng'ombe wanne. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika 9,000. Ukipewa bunduki mtaani, basi, usijidanganye kwamba huenda ni halali iliyopotea njia.

Na jamii zilizonunua zilipata nini? Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia ng'ombe walioibwa. Bunduki zilizowaua zilikuwa za kulinda mifugo, kama ilivyodaiwa wakati wa kununuliwa. Baada ya miaka thelathini ya AK, hakuna mfugaji wa Baringo au Samburu atakayekuambia ng'ombe wake wako salama zaidi kuliko wa babu yake. Wazee wa Kajiado wanaoyasikia haya na bado wanamsikiliza dalali wa bunduki, nawaomba wapige simu kwa jamaa zao wa kaskazini wawaulize.

Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea kwa kutojua. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inazitaja kwa majina bunduki za kijeshi: AK-47, G3, MP5 na nyingine za aina hiyo. Raia akipatikana nayo bila idhini, kifungu cha 4A kinaruhusu mahakama kumfunga maisha. Haijalishi hujawahi kuifyatua, wala haijalishi ulikuwa na nia nzuri ya kulinda boma. Hata cheti cha kumiliki silaha, kile wanachopewa wafanyabiashara wenye bastola, hakikuruhusu kuwa na AK.

Tena sheria hiyo inapotaja bunduki, inahesabu na sehemu zake. Vijana hutazama video za Marekani, ambako mtu anaagiza mtutu huku na kitako kule akaunganisha sebuleni kwake, na katika majimbo mengi hakuna wa kumuuliza. Wanaona kwamba kununua vipande kidogo kidogo ni njia ya mkato ya mwenye mfuko mwembamba. Hapa Kenya, kipande kimoja tu cha bunduki kwenye mkoba wako ni bunduki mbele ya hakimu. Ukinunua vipande vitano kwa awamu tano, umejitia hatarini mara tano.

Ukiitumia kupora, hata kama hukumgusa mtu, unaingia kwenye wizi wa kimabavu, kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Adhabu, ambacho hukumu yake ni kifo. Watu wanasema Mahakama ya Juu iliifuta hukumu ya kifo katika kesi ya Muruatetu mwaka 2017. Haikuifuta. Ilisema hakimu asilazimishwe kuitoa, na mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Sijui ni nani aliyewafundisha vijana wetu vinginevyo, ila amewaponza.

Kuna kundi jingine ambalo linaniuma zaidi, nalo ni la wanaowekewa. "Dada, niwekee huu mfuko, nitaupitia kesho." Mpenzi, binamu, rafiki wa shule, mpangaji mwenzako. Begi lina uzito usio wa nguo. AK isiyo na risasi hukaribia kilo nne, na ukiinua begi utajua. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Adhabu kinasema kwamba kitu kikiwa mikononi mwa mmoja kwa ujuzi na ridhaa ya wengine, wote wanahesabiwa kuwa nacho. Maana yake ni kwamba mke aliyejua na kunyamaza anaweza kusimama kizimbani pamoja na mumewe, na watoto wakabaki kwa nyanya yao. Mama, dada, ukigundua kitu hicho chumbani mwako, mapenzi yasikufunge mdomo. Anayekupenda hawezi kukuachia kifungo cha maisha chini ya godoro.

Na mafundi? Nimesimama sana kando ya mabanda yenu ya kuchomelea mageti na madirisha, naheshimu kazi hiyo. Lakini bunduki ya kijeshi si geti. Tairi la Probox hujazwa upepo wa psi 30 hivi au zaidi kidogo. Ndani ya chemba ya AK, risasi inapolipuka, shinikizo hupita psi 40,000, sentimita chache kutoka kwenye shavu la anayefyatua. Bomba la maji halikutengenezwa kwa kazi hiyo, wala mshono wa welding. Likipasuka, vipande huenda kwenye vidole, kwenye jicho, kwenye koo. Wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki za mabomba kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, na baadhi zilipasuka mikononi mwao. Walikuwa vitani na walilijua hilo. Wewe una leseni ya biashara na watoto shuleni.

Serikali ilipoamua kuunda bunduki za kijeshi hapa nchini, ilijenga kiwanda Ruiru kilichogharimu takribani shilingi bilioni nne na kufunguliwa Aprili 2021. Pesa zile zilienda kwenye mashine, vyuma maalumu na wahandisi, kwa sababu hakuna njia rahisi ya kuifanya kazi hiyo ikawa salama. Anayekuambia utaifanya kwa grinda na elfu kumi anacheza na mkono wako. Na ukiumia ukakimbizwa hospitali ya Kitengela, daktari ataona ni jeraha la silaha, fomu ya P3 itajazwa, na askari watakuwa kando ya kitanda kabla hujamaliza dripu.

Sasa fikiria nyumba zetu wenyewe. Noonkopir kwenye plotu za mabati, chumba kwa chumba, jiko upande huu na kitanda upande ule. Ukuta ni mabati ya geji 30, unene usiofika nusu milimita. Risasi ya AK hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Mwizi akigonga mlango wako saa nane usiku ukafyatua ukiwa na usingizi, risasi itapita mlangoni, itapita ukuta wa jirani, na wa jirani wa pili, na wa tatu. Huko kuna mtoto wa mama mboga amelala. Bunduki ile iliundwa kwa uwanja wa vita, ambako nyuma ya adui kuna adui mwingine. Nyuma ya mwizi wa Noonkopir kuna Noonkopir nzima.

Na mwizi mwenyewe, una hakika ni mwizi? Agosti 2021, hapa hapa Kajiado Mashariki, vijana wanne walitoka kula nyama na marafiki, wakakutana na umati uliowadhania wezi wa ng'ombe. Waliuawa wote wanne. Nchi nzima ilisikia. Umati ule uliwaua kwa silaha za mkononi, na kati ya pigo la kwanza na la mwisho kulikuwa na muda wa mtu mmoja kusema ngojeni tuwaulize. Hakusema, au hakusikilizwa. AK inayofyatua risasi 600 kwa dakika haiachi hata muda huo wa kukosa kusikilizwa.

Kuna na utapeli wa mtandaoni, ambao nitaupita upesi maana hauna mengi. Picha nzuri, bei ya chini, "tuma nusu kwa M-Pesa tukuletee mpaka Kitengela." Ukituma, pesa imekwenda, na huwezi kuripoti kwamba umetapeliwa ukinunua bunduki haramu. Wengine wakishapata namba yako na jina lako lililosajiliwa wanaweza kurudi kukutisha wakidai zaidi. Unaweza pia kuwa unazungumza na afisa wa DCI tangu mwanzo.

Najua jibu utakalonipa. Utasema polisi hawaji. Utasema ulipiga simu ukaambiwa gari halina mafuta. Siwezi kukubishia, nami naishi katika nchi hii. Hasira hiyo ni halali na inafaa kupelekwa kwa OCS, kwa chifu, kwa MCA, kwa mkutano wa nyumba kumi, kwa barua yenye saini za plotu nzima, mpaka taa za barabarani ziwake na doria ipite. Mwenye biashara kubwa anayetishiwa maisha ana njia ya kuomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, akapimwa akili na tabia. Njia hiyo ni ndefu na wengi hukataliwa. Ni afadhali kukataliwa na bodi kuliko kukubaliwa na dalali.

Kwa aliye nayo tayari, maana najua mmoja wenu anasoma akiwa nayo: usiiuze, usiitupe Mto Athi, usiifukie, usimpe mwingine "aishughulikie." Kila moja ya hatua hizo huongeza kosa au humhamishia mtoto wa mtu balaa. Usiibebe kwenye bodaboda kuipeleka kituoni pia. Ukisimamishwa njiani hakuna atakayeamini ulikokuwa ukienda. Iache ilipo, funga mlango, watoto wasikaribie. Zungumza kwanza na wakili, au padri, au imamu, au chifu unayemwamini, apige simu kituoni na kupanga namna ya kuikabidhi mbele ya mashahidi. Serikali imewahi kutoa muda wa msamaha katika maeneo fulani, kama ilivyofanya kwa saa 72 kaskazini mwa Bonde la Ufa Februari 2023, lakini usikae ukingoja tangazo. Anayesalimisha kwa hiari husimama mbele ya sheria akiwa na la kusema, na aliyekutwa nayo hana.

Waliowahi kusalimisha au kunyang'anywa, bunduki zao ziliishia katika kaunti yetu hii. Novemba 2016, Ngong, zilichomwa bunduki 5,250. Juni 2021, Ngong tena, 5,144. Lile rundo la kijivu lililobaki baada ya moto ni la vyuma ambavyo havitamuua mtu wa Kajiado wala wa popote.

Ukiona mtu anauza, anakodisha au anaunda bunduki Noonkopir, piga 999 au 112, au namba ya bure ya DCI 0800 722 203. Si lazima utaje jina lako. Piga leo, kabla hajampata mnunuzi.